Mtoto Amsikie Mama Yake

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu hutolewa hata kama aliyeko ndani hajajibu, basi ipokee huko uliko. Sisi wazima. Yusufu wako bado anapika hotelini kule Nakasero na bado anarudi nyumbani akinuka vitunguu. Subira ameanza darasa la tatu, ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia hilo pengo kuliko anavyojivunia hesabu zake. Mimi nipo sokoni Owino kwenye kibanda chako, nimekalia kigoda chako kile kile kilichoinama upande mmoja. Fundi alitaka kukinyoosha, nikamkatalia. Nimeshazoea kukaa nimeegemea magunia ya iliki kama ulivyokuwa ukikaa wewe, na wateja wako wa zamani wakipita huniita kwa jina lako, kisha wanajirekebisha.

Juzi alikuja mama mmoja mwenye haraka zake, mkoba kwapani, kitambaa cheupe mkononi.

"Nipe udi," akasema. "Si ule wa kufukuza mbu. Nipe wa heshima."

Nikamuuliza kama kuna harusi.

"Harusi wapi. Mjukuu wangu amezaliwa mapema, yuko hospitali, kadogo hivi. Musawo, yule nesi wake, anataka kitambaa chenye harufu ya mama yake. Sasa mimi niende pale mbele ya watu na kitambaa kinachonuka maziwa?"

Mama, nilicheka mpaka machozi, na yule mama wa watu akanuna, akataka kuhamia kibanda cha jirani. Nilimshika mkono, nikamkalisha juu ya gunia, nikamwagizia chai. Nikamwambia, udi leo sikuuzii, lakini nitakupa habari za mwenye kibanda hiki. Wewe ungemuuzia kwanza, ndipo ukamwambia asiutumie. Nakujua. Alipokwenda zake nikabaki na wewe pale kibandani mchana kutwa, kila mteja anayenisemesha namjibu nusu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unakumbuka siku Yusufu aliponileta kwako Kibuli kunitambulisha kama mchumba? Mimi mtoto wa kambi ya polisi ya Nsambya, baba yangu Mwacholi, koplo, mama yangu alifariki sijaanza hata shule, nikalelewa na kambi nzima. Kiswahili chetu cha kambini kila kitu ni "yangu": kitabu yangu, viatu yangu, mtoto yangu. Na wewe ni wa watu waliotoka pwani na biashara zao zamani hizo, wakazeekea Kampala lakini Kiswahili chao hawakukiachia. Niliingia sebuleni kwako, chetezo kinafuka pembeni, mapazia yananukia, mito inanukia, mpaka chai ina harufu ya karafuu. Nikatafuta neno zuri la kukusifu.

"Mama," nikasema, "nyumba yako inanuka sana."

Yusufu akatazama dari. Wewe ukaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, soksi ndizo zinazonuka. Nyumba yangu inanukia."

Nikajua hapa sina mume tena. Kumbe ulipoingia jikoni ulicheka peke yako mpaka ukashika ukuta; Yusufu aliniambia tukiwa njiani kurudi. Tangu siku ile hukuniachia hata neno moja. Nikisema kitabu yangu, unasema changu. Nikisema viatu yangu, unasema vyangu, huku unachambua mchele, wala hunitazami. Nilikuwa nakasirika, sikufichi. Lakini tazama barua hii, Mama. Itafute "yangu" iliyokosewa, hutaiona, isipokuwa pale nitakapoitia kwa makusudi.

Na manukato yako je? Siwezi kukuandikia nikayaacha. Kila Alhamisi jioni ulitandaza kanga zako juu ya kikapu, chini yake chetezo, ukakaa hapo na kahawa yako mpaka moshi uingie kwenye nyuzi. Nguo za Yusufu nazo, shuka nazo, hata kitambaa cha kufutia meza. Mtu akitoka kwako, watu wa Kibuli wanajua ametoka kwa Bi Zuhura kabla hajasema. Mimi nilikuwa nachekwa kazini kwamba nimekuwa bibi arusi wa kila siku, na moyoni nilifurahi, kwa sababu sikuwahi kuwa na nyumba inayojulikana kwa kitu.

Kisha akaja Subira kabla ya wakati wake. Jina ulimpa wewe, na hadi leo sijui kama ulikuwa unatania: mtoto ameshindwa kusubiri, wewe unamwita Subira. Presha ilinipanda, wakanipasua haraka, na nilipozinduka nikaambiwa nina binti, anapumua, yuko wodi ya watoto njiti kwenye jengo jingine, na mimi sitoki kitandani mpaka presha ishuke. Sikuwa nimemwona hata ukucha. Yusufu ndiye aliyekuwa anakwenda na kurudi, anatuletea habari zake kama mtu anayepeleka ujumbe kati ya serikali mbili.

Siku hiyo alikuja anahema. "Nalongo amesema mtoto amsikie mama yake."

Nalongo ndiye nesi aliyekuwa akimwangalia Subira. Jina lake la kazini silikumbuki. Watu wote walimwita hivyo kwa sababu alizaa mapacha, kama ilivyo desturi ya hapa. Na wewe ulikuwa umekaa kando ya kitanda changu na chupa ya uji. Hukuuliza amsikie vipi wala kwa nini. Ukasimama pale pale.

"Basi aimbe," ukasema. "Yusufu, toa simu."

Nikaimba nini, Mama? Sikujua wimbo hata mmoja wa kubembeleza mtoto. Nilichokijua ni ule wa akina mama wa kambini waliokuwa wanauimba kwenye bomba la maji, wa kumsema mtu aliyeruka foleni. Nikauimba huohuo, nimeshika tumbo, mshono unauma kila nikivuta pumzi. Ulisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Mtoto atadhani amezaliwa bombani," ukasema, kisha ukaichukua simu ukamsomea dua yako mwenyewe, ndefu, mpaka Yusufu akakukumbusha kwamba chaji inakwisha.

Akaenda na simu. Akarudi uso umemshuka. Nalongo alikuwa amecheka mpaka manesi wa upande wa pili wakaja kuuliza kuna nini.

"Si sauti," alimwambia, safari hii kwa Kiswahili ili asikosee tena, kwa ile r yake ya Kiganda. "Ni halufu. Halufu ya maziwa."

Kwa Kiganda alikuwa amesema awulire, na awulire yao ni kama asikie yetu. Mtu anasikia sauti, anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia harufu; neno ni moja, anayelipokea ndiye anayechagua. Yusufu alilishika upande usio wake akatuletea, na sisi wawili, mimi wa kambi na wewe wa pwani, tuliobishana kila siku juu ya Kiswahili, hatukushtuka hata kidogo. Lakini Nalongo alisema wimbo haukuharibu kitu. Mtoto alifumbua jicho moja.

Presha iliposhuka wakanipeleka kwa kiti cha magurudumu, wewe unasukuma ingawa kulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Sikuwa nimejiandaa. Alikuwa mdogo mno, ngozi imemlegea magotini kama soksi za kuazima, na mpira mwembamba umepita puani mwake mpaka tumboni. Nalongo alikuwa anammiminia maziwa yangu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, tone kwa tone, na Subira amelala. Hakujua kama anakula.

"Huyu anapumua mwenyewe na anaongezeka," Nalongo akatuambia. "Kilichobaki ni kunyonya. Nikimtia kidole mdomoni ananyamaza tu. Tumbo linajaa, lakini pua na mdomo havina habari."

Wewe ukamuuliza pua inahusika vipi.

"Mama, wewe ukipita Kabalagala jioni, nyama inachomwa, mate hayajai mdomoni kabla hujaketi?"

Ukasema wewe hupiti kwenye baa za Kabalagala jioni. Akacheka, akaendelea. Mtoto aliyetimiza wakati akilazwa kifuani anaifuata harufu ya maziwa, anatafuta. Huyu wetu maziwa yanampita kwenye mpira, hayamgusi pua wala ulimi, kwa hiyo hajui kwamba ile harufu na kule kushiba ni jambo moja. Tumfundishe. Nichukue kitambaa kidogo cha pamba, kisafi, nikae nacho kifuani kwenye ngozi, nikidondoshee maziwa yangu kidogo, na kila anapolishwa kwa mpira kiwekwe karibu na pua yake, karibu tu, kisimfunike. Akimaliza kinaondolewa. Nami nisijipake mafuta ya kunukia wala kuoga sabuni yenye marashi.

"Si dawa," akasema. "Wapo wanaowahi kunyonya, wapo wanaochukua muda wao. Tunajaribu. Akinyonya mwenyewe, mpira unatoka. Mpira ukitoka na akazidi kuongezeka, mnaenda kwenu. Asiponyonya, mtabaki hapa na mimi."

Sikutaka kitu kingine duniani, Mama. Sikutaka hata kulala. Nilitaka ule mpira utoke puani mwa mwanangu tumpeleke nyumbani Kibuli, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kukaa na kitambaa kifuani.

Kazi ya vitambaa uliichukua wewe. Ulikata shuka jipya la pamba vipande vipande, ukapinda kingo kwa mkono. Vilivyotumika ulivibeba kwenda kuvifua, ukavichemsha, ukavipiga pasi. Siku ya kwanza ulikiinua kimoja mpaka puani, ukakunja uso.

"Yananuka," ukasema. "Mjukuu wangu, mtoto wa kike, ndicho anachopewa? Kitambaa kinachonuka maziwa yaliyolala?"

Nikakwambia ndivyo Nalongo anavyotaka. Ukanyamaza. Kunyamaza si tabia yako, ningepaswa kuogopa.

Asubuhi iliyofuata ulileta vipya, vimekunjwa vizuri kwenye mfuko. Nikatia kimoja kifuani. Nilisikia udi, lakini kitu gani ulichowahi kukishika kikakosa udi? Nilidhani ni mikono yako. Saa ya kumlisha ilipofika nikakidondoshea maziwa, Nalongo akakiweka karibu na pua ya Subira, akaanza kummiminia. Subira akakunja uso. Akageuza kichwa, yeye ambaye hakuwa amewahi kugeuza kichwa. Akapiga chafya ndogo, kisha nyingine, pumzi ikaanza kwenda mbio na maziwa yakarudi pembeni mwa mdomo.

Nalongo aliacha kummiminia, akamlaza ubavu, akamfuta, akamshika hivyo mpaka pumzi ikatulia. Ndipo akakichukua kile kitambaa akakinusa. Hakugomba. Aliuliza tu, "Nani amefukiza?"

Nilipogeuka hukuwepo.

Nilikukuta kwenye benchi la nje, mkoba wako magotini, umeukumbatia. Sikuwahi kukuona umekaa hivyo, wewe uliyekuwa unakaa kama mwenye nyumba hata kwenye msiba wa watu. Nilikaa karibu yako.

"Nilitaka asikie kwamba ana kwao," ukasema. "Amelala kwenye nyumba ya watu, kila kitu kinanuka dawa. Nikasema angalau apate harufu ya kwao."

Nikatafuta Kiswahili kizuri, sikukipata. "Mama, kwao ni sisi," nikasema. "Kwao ni hii kifua yangu."

Hukunirekebisha. Ndipo nilipojua kwamba umeumia kweli.

Ulichokifanya baada ya hapo hukumwambia mtu, tulikigundua. Yusufu ndiye wa kwanza. Alirudi nyumbani kutoka kazini akasimama mlangoni, akatoka nje kuangalia kama ameingia kwa jirani. Chetezo kimeoshwa, kimepinduliwa jikoni. Mapazia umeyafua yote. Chupa za asumini na mafuta ya karafuu umezifungia kabatini, na bafuni kuna kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, ndiyo unayoogea. Siku ya Alhamisi ikapita bila moshi, na majirani wakaja kuuliza kama kuna mgonjwa, maana kwa Bi Zuhura hakusikiki kitu. Kibandani ulikuwa unauza udi kwa mikono iliyovikwa mfuko wa nailoni, na ukitoka Owino unapitia nyumbani kwanza, unaoga, unabadilisha nguo, ndipo unakuja hospitali.

Ulikuwa unaninyooshea mkono kwenye korido. "Nusa. Nanuka?"

"Hunuki, Mama."

"Nanukia?"

"Hunukii."

"Basi ndivyo walivyo watu wa kawaida," ukasema. "Poleni sana."

Nakupenda kwa mengi, Mama, lakini hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu. Watu wanasema fulani angenipa hata figo. Wewe ulinipa harufu yako. Mtu asiyekujua hataelewa ulitoa kitu gani.

Tukaendelea. Kitambaa kifuani, kitambaa puani, kitambaa kwenye sufuria ya kuchemshia. Nalongo akaniruhusu nimbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa na shuka, na wewe umekaa mbele yangu unamtazama mdomo. Siku zilikuwa zinafanana. Watoto wengine walitolewa mipira wakaenda kwao, mama zao wakituaga kwa aibu kama watu waliofaulu mtihani mbele ya rafiki aliyefeli. Nilikuwa nalia chooni. Wewe ulikuwa unajua, kwa sababu ulinisubiri mlangoni na uji.

Kisha siku moja Nalongo aliweka kitambaa kama kawaida, hata bomba hajalishika, na Subira akalamba. Ulimi ulitoka kidogo, ukarudi. Ukatoka tena. Pua ikakielekea kitambaa na mdomo ukaanza kufanya kazi hewani, unanyonya kitu ambacho hakipo. Nalongo akasema, "Amesikia."

Wewe ulikichukua kitambaa kile baadaye, ukakipeleka puani kwa mara nyingine. Nilingoja ukunje uso. Ukavuta pumzi tena.

"Kumbe yananukia," ukasema.

Mama, mwalimu mkali wa Kiswahili, siku hiyo ulibadilisha neno.

Haikuwa kesho yake wala kesho kutwa alipokubali ziwa. Alijaribu akachoka, akajaribu akalala, akasahau kupumua tukamnyanyua, mpira ukabaki. Lakini kila kitambaa kilipokaribia, mdomo uliamka. Nalongo akaniambia nimlaze karibu na ziwa wakati anapolishwa kwa mpira, anuse hapohapo kwenye chanzo. Na mchana mmoja wa mvua, kelele za mabati zikatufanya tuongee kwa ishara, alifungua mdomo, akashika, akavuta. Nilihisi kule kuvuta mpaka vidoleni. Akapumzika. Akavuta tena, na nikamsikia akimeza.

Nilikutazama. Ulikuwa umesimama, mikono yote miwili kichwani, kanga imekuponyoka mabegani na hukuiokota.

"Mtoto yangu," ukasema. "Mtoto yangu huyo. Mtoto yangu."

Yusufu hakuamini nilipomwambia. Nalongo ni shahidi. Bi Zuhura wa Kibuli, mbele ya wodi nzima, alisema mtoto yangu mara tatu na hakuna aliyemrekebisha. Hadi leo sijui ulikuwa unamsema Subira au mimi, na sikukuuliza kwa sababu nilitaka nibaki na yote mawili.

Mpira ukatoka. Sisemi kitambaa ndicho kilichofanya kila kitu. Nalongo mwenyewe alikataa kusema hivyo, alisema mtoto naye alikuwa amekua, na mimi nilikuwa sichoki. Lakini mimi niliiona ile pua ikikielekea kitambaa, na wewe uliiona. Tukaenda nyumbani. Ulifungua mlango wa nyumba isiyonukia kitu ukasema karibu kwenu, kwa sauti ya chini, na Subira akalala kwenye shuka lililofuliwa kwa sabuni ya mche.

Chetezo hukukigusa kwa muda mrefu. Nalongo alikuwa amesema moshi hapana kwa mtoto mwenye mapafu mapya, nawe ukalifuata neno lile mpaka nikakuonea huruma. Subira alipoanza kutembea ndipo ulipokitoa, ukakiweka nje kabisa, kwenye ngazi za nyuma, na upepo unaelekea kwa jirani. Ukafukiza kanga moja. Ulipoivaa ukaingia ndani, Subira akaja akakuzunguka, akakushika goti, akaivuta ile kanga akajifunika uso. Ukacheka kile kicheko cha kushika ukuta.

Sasa yuko darasa la tatu na nyumba inanukia tena, kila Alhamisi, madirisha wazi. Nafanya kama ulivyofanya. Kahawa yangu haifikii yako lakini naikalia hivyohivyo.

Kuna jambo moja sijalifanya. Sanduku lako la kanga tulilifunga baada ya kukuzika, na mimi nikalikalia kama askari wa zamu. Yusufu alitaka tuzigawe kwa jamaa, nikasema bado. Ukweli ni kwamba niliogopa. Zile ulizifukiza wewe kwa mkono wako, na zina asumini yako na jasho lako, na mimi nauza udi, najua harufu inavyokwenda. Nilijua kila nitakapolifungua utatoka kidogo. Nikaona bora likae limefungwa, uwe mzima humo ndani.

Jana Subira alirudi akisema shuleni wana ngoma, kila msichana anatakiwa avae kanga, na yeye anataka ya Bibi. Nilimpa zangu mbili akazikataa. Nikamwambia zile za Bibi hazivaliwi. Akaniuliza zinafanya nini basi humo ndani. Baada ya habari niliyokuwa nimemsimulia yule mama kibandani, nilijionea aibu kidogo. Nikaleta ufunguo.

Subira hakuchagua kanga. Aliingiza kichwa kizima ndani ya sanduku, mikono imeshika kingo.

"Mama," akasema kutoka humo ndani, "namsikia Bibi."

Nikatega sikio. Nakuapia, mimi niliyemcheka Yusufu miaka yote hii, nilisimama katikati ya chumba nikisikiliza kama utanisahihisha neno. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba ni neno lilelile.

Nikapiga magoti karibu yake, nikaingiza kichwa changu pia. Ulikuwemo. Wote tulikusikia.

Amevaa ile ya rangi ya machungwa kwenda shule, imemburuza chini, na darasa zima leo limejua Bi Zuhura alikuwa nani. Sanduku nimeliacha wazi kwa makusudi. Na yule mama wa juzi amepita asubuhi mbele ya kibanda, mbio, hakusimama. Alinipungia tu kile kitambaa cheupe, nami nikajua hakijapita kwenye moshi.

Lala salama, Mama. Kama kuna kosa humu, unajua pa kunirekebisha.

Mimi mtoto yako,
Mama Subira